Stori Bado Mbichi, Ngawira Tayari!

Leo naongea na wale wanaoficha madaftari chini ya godoro. Hakuna mtaa unaowakosa. Wana stori ya filamu kali ajabu, ukikutana nao watakusimulia mwanzo hadi mwisho, ila filamu yenyewe haitoki kwa sababu hajapatikana mtu wa kumwaga fedha.

Huko Marekani waandishi wenye ugonjwa huohuo walijaribu dawa mpya. Unachukua kipande cha kazi yako, labda picha ya mhusika au ukurasa wa skripti, unakiandikisha kwenye daftari la kompyuta ambalo halifutiki kirahisi, halafu unamuuzia shabiki. Kitu hicho wanakiita NFT. Shabiki anapata cha kuringia, wewe unapata fedha za kutengenezea filamu. Prodyuza unampita pembeni kama hamjuani.

Usidhani ni porojo. Julai 2021 kundi la mwigizaji Mila Kunis liliuza NFT za katuni iitwayo Stoner Cats. Stori yake ni ya bibi kizee anayetumia bangi kama dawa, paka wake wakiupata ule moshi wanaerevuka na kuanza kupiga soga. Eh, ndiyo stori hiyo! NFT zaidi ya 10,000, kila moja kama dola 800, zikakwisha kwa dakika 35. Zikaingia dola milioni 8 hivi. Aliyenunua ndiye aliyeruhusiwa kutazama, kama tiketi ya sinema vile. Jane Fonda na Chris Rock wakatia sauti, na katuni ikatoka kweli.

Raha tupu? Thubutu! Septemba 2023 tume ya serikali inayosimamia masoko ya mitaji, SEC, ikawakaba. Kosa lao? Eti walipokuwa wakitangaza, waliwatia watu tamaa kwamba katuni ikivuma bei ya NFT itapanda, na kila zilipouzwa tena wao walikata asilimia 2.5. Hiyo, tume ikasema, ni kuuza dhamana za uwekezaji bila kuziandikisha. Wakakubali kulipa dola milioni 1, bila kukiri wala kukana. Makamishna wawili wa tume hiyohiyo wakapinga. Walikumbusha kuwa mwaka 1977 mashabiki wa Star Wars waliuziwa vyeti vya midoli ambayo ilikuwa bado haijatengenezwa, na mbona hakuna aliyelia? Mimi nipo na hao wawili, ingawa yule aliyenunua ili auze kwa faida kisha akabaki na picha ya paka, huyo simlilii.

Kasheshe nyingine ilimkuta Quentin Tarantino, yule wa Pulp Fiction. Novemba 2021 alitangaza kuuza NFT saba kutoka kwenye skripti yake aliyoiandika kwa mkono, pamoja na sauti yake akieleza siri za stori. Wiki mbili hazikupita vizuri, Miramax waliotoa filamu hiyo mwaka 1994 wakamburuta mahakamani. Filamu yetu, bwana! Tarantino akatoa mkataba wa 1993: haki ya kuchapisha skripti alibaki nayo mwenyewe. Miramax wakajibu kwamba kuchapa kitabu na kuuza NFT ni vitu viwili. Januari 2022, kesi ikiwa bado inaunguruma, NFT moja ikanunuliwa kwa dola milioni 1.1.

Sasa wewe mwenye daftari, angalia hapo. Jina kubwa lote lile, mzozo uligeukia mistari michache aliyosaini miaka 28 nyuma. Wangapi kwetu wanauza skripti kwa kupeana mkono na soda? Tena usikimbilie kuuza wazo tupu kwenye NFT ili upate jina. Sheria ya hakimiliki ya Marekani hailindi wazo, na ya kwetu ya mwaka 1999 vilevile. Inalinda ulichokiandika. Ukimwaga wazo hadharani, mjanja akaliandika kwa namna yake, utamshitaki kwa lipi?

Wale wakubwa walipatana Septemba 2022, wakasema wanatazamia kufanya kazi pamoja tena, hata NFT zikiwezekana. Mawakili, nadhani, Krismasi ya mwaka huo walikula pilau.