Usimhamishie Kipofu Mawe



Leo nataka kuzungumza nawe juu ya samaki. Si samaki wa Petro, wala wale wawili waliolisha elfu tano. Ni samaki wa dhahabu, wale wa mapambo, anayeishi kwenye tangi la kioo sebuleni kwangu. Haoni. Macho yote mawili yamekwisha, na kosa ni langu.

Usicheke bado. Nisikilize hadi mwisho.

Mwaka jana kitinda mimba wangu aliomba samaki siku yake ya kuzaliwa. Nikanunua wawili wa rangi ya machungwa na mmoja mweusi, mwenye macho yaliyotokeza pande zote mbili kama vifungo vya koti. Huyo mweusi ndiye aliyependwa na nyumba nzima. Muuzaji akanionyesha kasri dogo la udongo lenye madirisha, pamoja na majani ya plastiki, nikachukua vyote. Nilitaka tangi lipendeze wageni. Sikupitisha hata kidole kwenye yale madirisha kuona kama yana makali.

Samaki wa dhahabu hana kope. Kitu kikimjia usoni, hana cha kufumba. Na hawa wenye macho ya kutokeza wako hatarini zaidi. Watu wa China walianza kufuga samaki wa dhahabu zaidi ya miaka 1000 iliyopita, na kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi wakapata kila namna: wenye macho yaliyotokeza, wenye macho yanayotazama juu tu, na wenye mfuko laini wa maji chini ya kila jicho. Sisi tunafurahia kutazama, wao ndio wanaolipa. Hawaoni vizuri hata wakiwa wazima, na jicho lililo nje ndilo linalotangulia kugonga.

Jumatano moja niliona doa jeupe kwenye jicho lake la kushoto. Tulikuwa katika wiki ya maombi. Nikasema, nitashughulikia Jumamosi. Mpendwa, kabla ya Jumamosi jicho lilivimba, wenzake wakaanza kulidonoa, na nilipofika pale na kikombe changu cha chai halikuwepo. La kulia nalo likaingia ukungu, kwa sababu maji yalikuwa mabaya na mimi sikujua. Ule ukungu haukuondoka tena.

Binti yangu akaniambia, "Baba, si wewe huombea watu macho? Muombee."

Tukaomba. Mimi na yeye, mikono juu ya kioo. Naamini Mungu anaponya, na sitaacha kuamini. Lakini jicho la samaki huyu halikurudi. Na tuliposema Amina, mtoto akaniuliza swali lililonishinda mahubiri yangu yote ya wiki ile: "Sasa tufanye nini?"

Hilo ndilo neno langu kwako leo. Baada ya Amina, tufanye nini?

Wengine walikuwa na jibu tayari. Jirani alisema nimmwage chooni ninunue mwingine. Ndugu mmoja wa kanisani akaniuliza, "Pasta, watu hawana unga, na wewe unahangaika na samaki?" Ndugu yangu, najua kuhusu unga. Lakini Mithali 12:10 inahesabu kujali uhai wa mnyama kuwa alama ya mtu mwenye haki, wala haikutaja mnyama wa bei gani. Samaki wa ziwani maji yakiharibika anahama. Huyu nimemfungia mimi. Maji anayopumua nimemchagulia mimi, na jiwe lililomtoboa jicho nimelinunua mimi. Siwezi kumpima kwa bei niliyomnunulia.

Tena akitunzwa vizuri, samaki wa dhahabu huishi zaidi ya miaka 10. Kuna mmoja Uingereza aliyeitwa Tish aliyefika miaka 43. Kumbe niliambiwa nimtupe kiumbe mwenye miaka mingi mbele yake.

Basi nikuambie tulichofanya, kwa sababu najua baadhi yenu mna matangi nyumbani.

Tulianza na maji. Samaki wa dhahabu huchafua sana. Kinyesi chake na chakula kilichobaki hutoa amonia, nayo huioni kwa macho. Maji yanaweza kumeta kabisa na bado yakawa sumu. Maduka ya samaki huuza vipimo. Amonia isomeke 0, na nitraiti 0. Tulibadilisha robo ya maji kila siku hadi vipimo vikatulia. Maji ya mfereji yana klorini inayounguza matamvua, kwa hiyo tulitia dawa ya kuiondoa kwanza. Kulaza maji kwenye ndoo iliyo wazi huondoa klorini ya kawaida, lakini maji yakiwa na kloramini, kulaza hakusaidii. Dawa ni salama zaidi.

Tukamtenga na wenzake ili kidonda kifunge bila kudonolewa. Tulitia chumvi tupu, gramu 1 kwa kila lita, ikiwa imeyeyushwa kwanza. Kumbuka chumvi haikauki pamoja na maji: ukiongeza maji tu, usiongeze chumvi. Hatukumtia dawa ya macho ya binadamu, wala dawa ya kubahatisha kutoka agroveti. Jicho moja likivimba, mara nyingi ni jeraha. Yakivimba yote mawili, shuku maji, au ugonjwa wa ndani, umtafute daktari wa mifugo mapema. Usiseme Jumamosi.

Kisha kasri likatoka. Majani ya plastiki yakatoka. Tukabakiza mawe laini ya mviringo, na mdomo wa bomba la kichungi tukaufunika kwa sponji usimvute.

Wiki chache baadaye kidonda kilikuwa kimefunga, ngozi ikapita juu yake. Na hapo ndipo nilipoanza kujifunza, mpendwa, kwa sababu samaki kipofu si samaki aliyekwisha. Ubavuni mwake, kutoka kichwani hadi mkiani, ana mstari wa vitundu vidogo unaohisi maji yakitikisika. Kwa huo anajua kioo kiko wapi, jiwe liko wapi, na nani amepita karibu. Ana matundu ya pua mbele ya macho, na pua yake ni kali. Anasikia pia. Muumba hakumwekea mlango mmoja tu.

Binti yangu ndiye aliyekuwa mwalimu wake. Kila asubuhi kabla ya shule, alikuwa akigusa kioo kwa kidole mara mbili, polepole, kwenye kona ile ile, kisha anadondosha chakula kinachozama, kidogo tu. Siku za kwanza samaki alihangaika, anatafuta huku chakula kiko kule. Tulikuwa tunakitoa kisioze. Lakini haikuchukua mwezi. Kidole kikigusa kioo, yeye anakuja. Tulipomrudisha kwa wenzake tukawa tunawalisha wao kwanza upande wa pili, ili wasimmalizie chakula chake.

Nilidhani nimehitimu. Halafu siku moja nikiosha tangi, nikapanga mawe upya. Nilitaka tu lipendeze.

Usiku ule nilikuwa nikisikia kitu kinagonga. Asubuhi mdomo wake ulikuwa umechubuka. Kumbe alikuwa ameikariri nyumba yake yote, kila jiwe na kila nafasi ya kupita, na mimi nimeivuruga kwa dakika tano kwa ajili ya macho ya wageni.

Nikakumbuka Walawi 19:14, pale Mungu anapokataza mtu kumwekea kipofu kitu cha kumkwaza. Miaka yangu yote, tangu chuo cha Biblia, nimeisoma sheria hiyo nikifikiri inawahusu watu wabaya, wanaotega njiani wakicheka. Sikujua kwamba unaweza kumkwaza kipofu kwa nia njema kabisa, ukipamba sebule.

Sasa toka kwenye tangi uingie nyumbani kwako. Kuna mama aliyeletwa mjini kutoka ushago kwa sababu presha ya macho imempokonya nuru. Jumapili tunampeleka mbele aombewe. Jumatatu tunasogeza kiti chake, tunahamisha kikombe chake, tunaacha beseni koridoni, halafu akijikwaa tunamwambia, "Mama, keti tu, usitembee." Yeye hakushindwa kutembea. Sisi ndio tuliohamisha mawe.

Msimamo wangu ni huu, na usinielewe vibaya. Nitaendelea kuombea macho. Lakini kanisa linalojua kuombea kipofu na halijui kuishi naye siku ya pili, halijamaliza kazi yake. Muujiza ukichelewa, yule mtu bado anahitaji maji safi, chakula mahali anapopajua, mtu wa kugusa kioo mara mbili kumwambia niko hapa, na mawe yasiyosogezwa. Hiyo nayo ni huduma. Haina kipaza sauti, lakini ni huduma.

Na kama samaki wako ameumia kiasi cha kutokula wala kuogelea, na hakuna dalili ya nafuu, muone daktari wa mifugo akuelekeze namna ya kummalizia mateso. Usimmwage chooni akiwa hai, wala usimtupe mtoni. Katika nchi nyingi, samaki wa dhahabu waliotupwa wamezaana na kusumbua samaki wa asili.

Nyumbani kwetu yule mweusi bado yupo. Ninapoandika haya anazunguka jiwe lake la kushoto, taratibu, bila kuligusa.

Leo kabla hujalala, fanya jambo moja. Kama una tangi, pitisha kidole kwenye kila pambo. Likikukwaruza wewe, litamkata yeye. Na kama unaishi na mtu asiyeona, muulize swali hili tu: "Kuna kitu chochote nilichohamisha?" Kisha ukirudishe mahali pake.

Baba, tusamehe tuliposema Jumamosi. Utupe mikono ya kutunza hata pale jicho lisiporudi. Kwa jina la Yesu.

Kama umelipokea neno hili, sema Amina, halafu inuka ukakirudishe kile kiti.