Wa kujitolea wako wengi
Kijana wa kigeni anayekuja Mwanza kufundisha kwa kujitolea huijua mitaa ya Mabatini haraka: nyumba zimekaa juu ya mawe, ndoo ya maji hupandishwa mlimani kichwani, na ukimpita mama muuza dagaa bila shikamoo, jioni mtaa mzima unazo habari. Darasani, kidato cha kwanza kimetoka kufundishwa kwa Kiswahili miaka saba; Kiingereza cha puani cha mgeni huyo wanafunzi wanakiitikia tu, “Yes, sir!” Na wageni hao huja na kuondoka: Peace Corps, shirika la kujitolea la Wamarekani, iliondoka nchini 1969, ikarudi 1979, na Machi 2020 korona ikawarudisha kwao wa kujitolea wake wote. Vijana wetu wenye shahada, ambao nao hujitolea kufundisha huku wakisubiri ajira ya serikali, walibaki. Hao hawapigwi picha, na posho yao, ikipatikana, huchangwa na wazazi.