Programu ya duka sio programu ya karakana: fikiri kabla hujalipia



Leo naongea na sisi tunaotengeneza kwa mikono: sendo za shanga, batiki, mikoba ya vitenge, vikapu, sabuni, mishumaa. Kila mara naulizwa, "Dada, nitumie programu gani kuhesabu mzigo?" Jibu langu huwa linawaudhi watu kidogo: programu ichague mwisho. Kwanza jua pesa yako inapotelea wapi.

Msimamo wangu ni huu. Programu nyingi tunazouziwa zimetengenezwa kwa ajili ya mtu wa duka. Mtu wa duka ananunua kreti ya soda, anauza soda. Kilichoingia ndicho kinachotoka. Sisi hatuko hivyo. Kwetu inaingia ngozi, soli, shanga, gundi na uzi, halafu inatoka sendo. Programu ikikuonyesha una sendo pea 40 lakini haijui soli zimebaki ngapi, imekuhesabia nusu tu ya biashara. Na nusu ambayo haijahesabiwa ndiyo yenye mtaji wako.

Tupige hesabu. Tuseme pea moja inakula ngozi futi moja na nusu, na futi ni shilingi 4,000. Hapo ni 6,000. Soli 3,500. Shanga gramu 40, na pakiti ya gramu 500 umenunua 12,000, kwa hiyo ni 960. Gundi na uzi 700. Jumla ya malighafi ni 11,160. Ukimlipa fundi 5,000, umefika 16,160. Unauza 25,000, inabaki 8,840, na hapo kodi ya fremu, umeme na nauli bado.

Sasa ngozi ikipanda kutoka 4,000 hadi 5,000, kwenye kila pea umepoteza 1,500. Bei ya kuuza umeiacha palepale, wateja ni walewale, unaona biashara inaenda, ila mwisho wa mwezi mfuko mwepesi. Programu inayokufaa ni ile inayokuonyesha hilo siku ileile uliyonunua ngozi mpya. Kama ulikuwa na futi 20 za 4,000 ukaongeza futi 30 za 5,000, inatakiwa ikuambie wastani wako sasa ni 4,600 kwa futi. Ikishindwa hapo, ni daftari lenye rangi nzuri tu.

Kuna jambo lingine, na kwangu hili ni zito kuliko pesa. Nimeona karakana moja kijana anayejifunza kazi akifukuzwa kwa sababu ngozi "ilipungua". Hakukuwa na rekodi ya ngozi iliyoingia wala ya iliyokatwa. Hakuna aliyehesabu vipande vinavyobaki pembeni mtu akikata nyayo, na wote tunajua ngozi haikatwi ikaisha yote. Huenda aliiba, huenda hakuiba. Hakuna anayeweza kusema, na jina la kijana limeshaharibika. Kwa hiyo nikisema hesabu ya mzigo, nazungumzia pia haki za watu wanaotufanyia kazi. Hesabu nzuri inamlinda bosi, na inamlinda fundi.

Najua wapo watakaosema, "Mama yangu alifanya biashara miaka yote kwa daftari, hakuna shida." Nakubaliana nao kwa sehemu. Kama una aina tano za bidhaa, unauzia sehemu moja na kila kitu unakifanya mwenyewe, daftari linatosha kabisa. Usilipie kitu usichokihitaji. Daftari linaanza kukushinda pale unapokuwa na saizi na rangi nyingi, mafundi zaidi ya mmoja, na mzigo uko sehemu tatu: mwingine karakana, mwingine dukani, mwingine umempa mtu mali kauli. Hapo ndipo mzigo unapotea huku kila mtu ana uhakika upo kwa mwenzake.

Ukifika hapo, haya ndiyo maswali ya kuuliza kabla hujatoa hela:

1. Inajua malighafi? Yaani uiambie mara moja kwamba pea moja inatumia nini na kiasi gani, halafu ukiandika "nimetengeneza pea 10" ipunguze yenyewe ngozi, soli na shanga. Bila hilo, endelea kutafuta.

2. Inapokea vipimo vyetu? Futi, mita, gramu, pea, na nusu zake. Kuna programu inayotaka namba kamili tu. Futi moja na nusu utaiandikaje?

3. Mtandao ukikatika inakuwaje? Ukiwa kwenye maonyesho kama Sabasaba, watu wamejaa, bando linasuasua na mteja amesimama na hela mkononi, lazima uweze kuandika mauzo.

4. Inatenganisha sehemu? Ukimpa mwenye duka la hotelini pea 30 mali kauli, hizo hazijauzwa, ila karakana hazipo. Programu ikuonyeshe ziko kwa nani.

5. Naweza kutoka na data zangu? Jaribu kuzipakua kama faili la Excel siku ya kwanza kabisa. Kama haiwezekani, siku wakipandisha bei huna pa kukimbilia.

6. Gharama yake kwa mwaka ni kiasi gani? Zidisha ada kwa 12. Kama ni ya dola, kumbuka dola ikipanda na ada yako kwa shilingi inapanda, hata kama wao hawajagusa bei.

7. Fundi wako anaiweza? Kama wewe peke yako ndiye unayeielewa, siku ukiugua hesabu nayo inaugua.

Kwa mifano: Loyverse unaweza kuanza nayo bure kwenye simu, na inauza hata mtandao ukiwa haupo, ila sehemu yake ya uzalishaji ni ya kulipia. Craftybase imetengenezwa kwa ajili ya watu wa kazi za mikono na inafuata malighafi hadi bidhaa, lakini ni ya ada, na ada yenyewe ni ya dola. Google Sheets ni bure, na ukiiwasha mapema inafanya kazi bila intaneti, ila kanuni zote unaziweka mwenyewe. Kwa wengi wetu tunaoanza, mimi napendelea jedwali: kurasa tatu tu, ya malighafi, ya vilivyotengenezwa na ya vilivyouzwa. Ukilitumia miezi mitatu bila kuruka siku, utajua hasa unataka nini kwenye programu ya kulipia. Ukishindwa kujaza jedwali, hata programu ya kulipia hutaijaza.

Na tusichanganye mambo: programu ya mzigo haikuondolei wajibu wa risiti ya EFD kama TRA wanakutaka uwe na mashine. Ni vitu viwili tofauti.

Kitu kimoja ambacho programu yoyote inatakiwa ikusaidie ni kujua siku ya kuagiza. Unatumia soli pea 5 kwa siku, na tangu uagize Kariakoo mpaka zikufikie Arusha ni siku 4. Hizo ni pea 20. Ongeza akiba ya pea 10. Zikibaki 30, agiza leo. Ukisubiri zibaki tano, fundi atakaa bure na oda ya mteja italala.

Ushauri wangu wa mwisho: usihamishie biashara nzima kwa mkupuo. Chukua bidhaa moja, ile inayouza zaidi. Jumapili toa malighafi yake yote chini, hesabu kwa mkono, pima na ngozi inayobaki kama vipande. Andika. Baada ya wiki nne hesabu tena kwa mkono, ulinganishe na kinachosemwa na simu. Zikikubaliana, ongeza bidhaa ya pili. Zikipishana, tafuta sababu kwanza, kabla hujamnyooshea mtu kidole.

Mtumie na fundi mwenzako. Kazi njema.