TAHARIRI: Kibanda kinatulisha vijana, tukitetee kabla tingatinga halijafika

SAA saba mchana, nyuma ya karibu kila kituo cha matatu jijini Nairobi, utawakuta. Makanga mwenye noti zilizokunjwa vidoleni, mwanafunzi wa chuo na mkoba wake mgongoni, jamaa wa mjengo ambaye buti zake zina saruji, na karani aliyefunga tai. Wote wamebanana kwenye benchi moja la mbao. Hakuna menyu. Mathe anauliza tu, "Nikuwekee nini, mwanangu?" na kabla hujamaliza kufikiria, sahani iko mbele yako.

Hapo kibandaski ndipo vijana wengi wa mijini wanakula. Picha tunazopakia mitandaoni ni za baga na kuku wa mikahawa yenye viyoyozi, lakini hizo ni za siku ya mshahara. Siku nyingine zote ni chapo dondo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Katika kibanda ninachokula siku hizi, chapati mbili na bakuli la madondo ni Sh100. Ugali na sukuma ni Sh70. Ukiwa na kitu mfukoni unaongeza nusu avokado. Ukiwa huna, unasema "Mathe, niongezee supu" na anaongeza bila kuuliza. Ukienda na Sh100 hiyo hiyo kwenye mkahawa wa katikati ya jiji, mara nyingi itaishia kwenye chai na mandazi, na utatoka ukiwa na njaa.

Wapo wanaodhani chakula cha bei hiyo ni cha kujaza tumbo tu. Wamekosea. Chukua githeri. Protini ya mahindi pekee ina upungufu, na maharagwe ndiyo yanayoziba pengo hilo. Nyanya zetu walijua kuvichanganya kabla ya mtaalamu yeyote wa lishe kuja kutueleza. Ndengu, kamande, omena, matumbo, kunde na mukimo ni vyakula ambavyo daktari angekuandikia, na mathe anavipika kila siku kwenye jiko la makaa. Hata jina la sukuma wiki linajieleza: ndiyo mboga inayokusukumia wiki mpaka pesa ziingie.

Hili halipo kwetu tu. Wamarekani Weusi wana mapishi yao yanayoitwa soul food, chakula cha roho, ambayo mizizi yake ni jikoni kwa watu waliokuwa watumwa katika majimbo ya kusini. Mboga yao kuu, collard greens, ni ndugu wa karibu kabisa wa sukuma wiki yetu. Kunde wanazopika zilitoka Afrika. Na wapishi wao hawakuishia kushibisha watu. Wakati wa mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, mnamo 1955 na 1956, mpishi aitwaye Georgia Gilmore na wanawake wenzake waliuza sahani za chakula na keki ili kuchangia gharama za mgomo ule. Mahali pa kula kwa bei nafuu ndipo watu wa kawaida hukutana, na wakikutana huongea mambo yao.

Kwetu pia ni hivyo. Kibandani ndipo unasikia nani anaandika watu kazi, nyumba gani ina chumba wazi na mjengo upi unaanza Jumatatu. Mathe anajua nani ameacha kuja na anauliza kwa nini. Kijana aliyetoka kijijini juzi, asiyejua mtu jijini, anaanzia hapo.

Halafu kuna daftari.

Nilipokuwa chuoni, mkopo wangu wa masomo ulichelewa muhula mzima. Mathe aliyekuwa akitupikia nje ya lango hakuniuliza kitambulisho wala mdhamini. Alichomoa daftari la kurasa 32 chini ya meza, akaandika jina langu, na mbele yake "chapo 2, dondo". Kila siku aliongeza mstari. Hakukuwa na riba, wala ujumbe wa kutishia kuwapigia simu watu wote walio kwenye simu yangu. Deni langu lilifika Sh640, na sikuwa peke yangu, kwani daftari lile lilikuwa na majina ya nusu ya darasa letu.

Asubuhi moja tulikuta mabati chini. Askari wa kaunti walikuwa wamekuja usiku na tingatinga. Sufuria zilikuwa zimebondeka na meko yamevunjwa. Benchi letu lilipakiwa kwenye lori, na mathe hakuwepo. Tulisimama hapo kidogo, tukasikitika, kisha tukaenda kutafuta pengine pa kula. Huo ndio ukweli, na hautupambi.

Nilikutana naye miezi minane baadaye akiuza chai ya thamosi karibu na stendi. Nilimpa Sh640 zake. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniambia daftari lilienda na vitu vingine usiku ule, kwa hiyo hakuwa akimdai mtu tena. Nikamuuliza ni wangapi waliokuja kulipa bila daftari. Akanyoosha vidole vitatu, nami nikiwemo.

Tunayaandika haya kwa sababu ubomozi wa vibanda haujaisha, na kila mara hoja ni zile zile: barabara, usafi, sura ya mji. Hoja hizo si za kupuuzwa. Kibanda kilichojengwa juu ya mtaro kinaziba maji, na mvua ikija majirani wanafurika. Kibanda kilichokalia njia ya miguu kinamsukuma mtoto wa shule barabarani. Na kipindupindu kiliporudi nchini kuanzia Oktoba 2022, hakuna aliyekuwa na haki ya kuchezea suala la maji machafu.

Lakini ugonjwa hauangalii kitambaa cha meza. Mwaka wa 2017, watu waliohudhuria kongamano katika hoteli kubwa jijini Nairobi waliugua kipindupindu. Hakuna aliyepeleka tingatinga huko. Hoteli hukaguliwa, ikapewa masharti, ikafunguliwa tena. Kwa nini anayeuza ugali wa Sh30 asipewe nafasi hiyo hiyo?

Sheria yenyewe iko wazi. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaofaa, na ya kupata maji safi na salama. Jedwali la Nne la Katiba hiyo linazipa kaunti kazi ya kutoa leseni kwa biashara zinazouzia umma chakula, na kuzisimamia. Kusimamia ni kumpa mtu masharti anayoweza kuyatimiza, kisha kurudi kuona kama ameyatimiza. Kuja usiku na tingatinga si kusimamia.

Mathe anatozwa ada ya kila siku. Anatakiwa kuwa na cheti cha afya cha mtu anayeshughulikia chakula, na wengi hukilipia. Lakini ukimuuliza kaunti imempa nini kwa pesa hizo, atakuonyesha mitungi ya maji anayonunua kwa mkokoteni. Unadai usafi kwa mtu ambaye hujamwekea hata mfereji?

Tunachoomba kaunti si muujiza. Kwanza, mfereji mmoja wa maji na mtaro wa maji taka kwa kila kundi la vibanda, hata kama wenye vibanda watalipia maji hayo. Pili, vyoo vilivyo karibu. Tatu, eneo linalojulikana la kupikia, lililo karibu na stendi, mijengo na vyuo. Soko lililojengwa mahali ambapo hakuna mtu anayepita litabaki makao ya paka, tumeshayaona hayo. Nne, kama lazima kibanda kihame, notisi ya maandishi na muda wa kutosha, ili mtu abebe sufuria zake mchana kweupe.

Sasa tujigeukie sisi wenyewe, maana ni rahisi kupigia kaunti kelele.

Mnamo Juni 2024 vijana walijaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha, ambao awali ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya mboga. Tulielewa vizuri kwamba mafuta yakipanda, chapati inapanda. Lakini kibanda cha anayetupikia chapati hiyo kinapobomolewa, huwa tunapiga picha, tunaandika "pole mathe", basi. Kaunti zinapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, ukumbini hukaa wazee na wafanyabiashara wakubwa. Hakuna anayesimama kusema tunataka mfereji pale stendi. Twende tukaseme sisi, ambao ndio tunakula hapo.

Pia tuwe wateja wenye adabu. Nawa mikono kabla ya kushika ugali. Usichague kibanda kwa wingi wa nyama peke yake. Angalia kama maji ya kuoshea sahani yanabadilishwa, kama chakula kimefunikwa na kama mpishi hashiki pesa na chapati kwa mkono mmoja. Ukiona kasoro, mwambie kwa heshima, "Mathe, hapa funika kidogo, nzi." Anaweza kununa siku hiyo, ila kesho utakuta amefunika. Mpishi anayekosolewa na wateja wake mapema hana haja ya kumwogopa mkaguzi.

Na kuna hili la deni, ambalo tunalifanyia mzaha kupita kiasi. Kuna vijana wanaojisifu kwamba wamehama mtaa wakiacha deni la madondo. Sh300 kwako ni salio la intaneti la wikendi. Kwa mathe ni gorogoro kadhaa za unga, yaani chakula cha wateja wa kesho. Daftari lake ndiyo benki pekee inayomkopesha kijana asiye na payslip. Ukiiibia benki hiyo, anayefungiwa mlango ni mwenzako atakayekuja baada yako akiwa na njaa, aambiwe, "Hapana mwanangu, siku hizi sikopeshi. Wenzako waliniweza."

Kwa hiyo leo mchana, ukimaliza kula, muulize mathe mambo mawili: anahitaji nini kutoka kaunti, na jina lako linasoma ngapi kwenye daftari. La kwanza utalipeleka kwa mwakilishi wadi wako. La pili lilipe kabla hujainuka kwenye benchi.