Elimu ya umma ndiyo ngao ya mito yetu

Anayesimama Mama Ngina na kuutazama mlango wa Kilindini huona meli zikiingia na kutoka, feri za Likoni zikivuka, na mawimbi yakipasuka miambani. Ni nadra kumsikia akisema kwamba anatazama pia mto. Na kumbe ndivyo ilivyo. Mto Mwache, unaokusanya maji ya mvua kutoka pande za Kinango, huingia katika mkono wa bahari wa Port Reitz, na maji yake huifikia bahari kuu kwa kupitia mlango huu huu. Upande wa pili wa kisiwa, mito ya Kombeni na Tsalu hushuka kutoka bara na kumwagika katika mkono wa bahari wa Tudor, ambao maji yake huupita Mji wa Kale.

Aidha, yafaa tukumbuke kwamba maji ya mifereji ya Mombasa hayazaliwi kisiwani. Hutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, Marere katika vilima vya Shimba, visima vya Tiwi, na Baricho kandokando ya Mto Sabaki. Sabaki huo ndio uitwao Galana ukiwa juu kidogo, na Athi ukiwa juu zaidi. Mto Nairobi, ambao uchafu wake unajulikana na kila Mkenya, humwaga maji yake katika Athi. Kwa hivyo mkazi wa Kibokoni na mkazi wa Mathare ni majirani wa maji, ingawa hawajapata kuonana.

Je, ni wangapi miongoni mwa wanafunzi wetu wanaolijua jambo hili? Naamini mito yetu haiharibiwi na waovu peke yao. Huharibiwa zaidi na watu wema wasiojua maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Anayetupa taka mtaroni hudhani zimetoweka, na anayekata miti kando ya mto hudhani hasara ni ya mlima ule tu. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilitupa funzo kali. Udongo ulioporomoshwa kutoka bara ulirundikana katika mlango wa Mto Mwache, na mikoko mingi ikafa kwa kufukiwa mizizi yake ya kupumulia. Mvuvi wa pwani aliadhibiwa kwa mmomonyoko uliotokea katika mashamba ya watu asiowajua.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ya maradhi haya ni sheria na faini. Sheria tunazo. Tunayo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na katika kifungu cha 69 inamtwika wajibu wa kuyalinda. Kweli, marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilileta mabadiliko makubwa, na faini yake ya hadi shilingi milioni 4 ilitia watu hofu. Hata hivyo, tusisahau kwamba marufuku ile iliweza kuelezwa kwa sentensi moja sokoni, redioni na msikitini, na kila mtu aliielewa. Hofu peke yake haidumu. Usafishaji wa Mto Nairobi uliosimamiwa na hayati John Michuki alipokuwa waziri wa mazingira ulisifiwa na wengi. Alipofariki mwaka 2012, ari ilififia na uchafu ukarejea. Mto uliosafishwa kwa amri ya mkubwa humtegemea mkubwa huyo.

Hapa Mombasa nako kuna hatua za kupongezwa. Jaa la Kibarani, lililomwagiwa taka kwa miaka mingi ukingoni mwa maji ya Makupa, lilifungwa na miti ikapandwa. Mwaka 2022 daraja la Makupa lilichukua mahali pa tuta la zamani lililokuwa limeyazuia maji kupita kati ya pande mbili za kisiwa. Wahandisi wamefanya yao. Lakini mwanafunzi wa Mombasa ameelezwa na nani kwa nini tuta lile lilikuwa na madhara, na ni kitu gani kilichorudi pale maji yalipofunguliwa?

Mimi ni mtu wa isimu, na nitasema linalonihusu. Elimu ya umma inayotolewa kwa lugha isiyoeleweka na umma si elimu. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira ziliagiza matangazo ya redio yatolewe kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji. Katiba ya 2010 ikakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini ripoti zenyewe huandikwa kwa Kiingereza, kurasa mia na zaidi, kisha mvuvi na mama lishe huitwa mkutanoni watoe maoni. Watatoaje maoni juu ya jambo wasiloweza kulisoma?

Shuleni hali ni hiyo hiyo. Katika madarasa ya mwanzo mtoto husoma Shughuli za Mazingira, na sera ya lugha inaruhusu afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Akifika darasa la nne, sayansi yote hugeuka Kiingereza. Maneno aliyoyarithi kwa wazee wake, kama vile mkondo, hori, kujaa na kupwa, bamvua na maji mafu, hubaki nje ya mlango wa darasa. Maneno hayo si mapambo ya washairi. Ni maarifa. Ajuaye bamvua ni nini anajua pia kwamba taka zilizotupwa ufukweni leo zitachukuliwa na maji makuu na kupelekwa mbali.

Kwamba jambo hili linawezekana, tazama Gazi, kusini mwetu katika Kaunti ya Kwale. Mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013 huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yake yamesaidia kuleta maji na vitabu vya shule kijijini. Wenyeji wanaulinda msitu kwa sababu wanajua unawafanyia nini, na hata jina la mradi wao halihitaji mkalimani.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, kila ripoti ya tathmini ya mazingira iambatane na muhtasari wa Kiswahili chepesi, utolewe kabla ya mkutano wa wananchi na wala si siku yenyewe. Pili, vyuo vikuu vyetu vikusanye msamiati wa maji kutoka kwa wavuvi, manahodha na wakulima, viusanifishe na kuukabidhi kwa waandishi wa vitabu vya shule. Tatu, na hili ni la walimu, kila shule iufuate mto mmoja. Shule ya Mji wa Kale iulize maji ya bomba lake yametoka wapi, na ya mtaro wake yanaishia wapi, kisha iandikiane barua na shule iliyoko juu ya mto huo. Barua ya mtoto wa Mombasa kwa mtoto wa Kinango haihitaji bajeti ya wizara.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mwanafunzi aliye darasani leo ndiye diwani, mhandisi na mwenye kiwanda wa kesho. Akifika huko bila kujua kwamba mtaro ni mto, hapana faini itakayomfunza. Mwalimu asingoje waraka kutoka Nairobi. Mvua za masika huja kila mwaka, na zikija zitashuka na kila kitu tulichokiacha njiani.