Kompyuta Ikianguka

Akina mama wenzetu, kompyuta yetu ilianguka kutoka mezani. Tulipoiwasha, ikalia ta-ta-ta. Tukaizima na kuiwasha tena na tena. Kumbe tulikuwa tunazidi kuiharibu.

Ndani ya diski ngumu, panapohifadhiwa picha na maandishi, mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Vichwa vidogo huzisoma bila kuzigusa. Vikiharibika huzikwangua, na kilichokwanguliwa hakirudi.

Ukisikia mlio huo, zima mara moja. Usiifungue diski, hata vumbi huidhuru. Usiitie kwenye friji kama wengine wanavyoshauri, maana itapata unyevu. Mtafute fundi mwenye ujuzi wa kuokoa vilivyomo.

Sisi tulipoteza picha za mwisho za bibi yao watoto. Sasa kila picha tunaiweka mahali pawili. Nawe fanya hivyo leo.