Lubumbashi: kompyuta arobaini, fundi mmoja na flashi yake

Windows ikigoma kufunguka katika ofisi ya Lubumbashi, fundi huzunguka meza kwa meza, flashi mkononi. Hata matajiri yamewapata: tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike liliangusha kompyuta kama milioni 8.5 duniani, na nyingi zilitengenezwa moja moja, maana mashine iliyokwama mwanzoni kabisa haisikii amri ya mbali.

Dawa ipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Inaitwa PXE, ya Intel: kompyuta ikiwashwa, inaitafuta seva kabla ya kugusa diski yake. Fundi anaamua akiwa mezani pake: hizi zianze na diski zao, zile zianze na seva zikasafishwe usiku. Wala haili megabaiti; waya za ndani ya jengo zinatosha.

Shida ni kwamba seva ikizimika, zote zinazoitegemea zinakwama, na SNEL kila mkaaji anaijua. Chuo kinachonunua kompyuta mpya arobaini bila betri ya seva kimekosea hesabu. Na neno la siri la seva lisikae kwa fundi mmoja: siku akipata kazi Kolwezi, ataondoka nalo.